Aliyekula Pakiti ya Kijani

Baba Pinyan, Bibi, na wewe Pinyan,

Wali uko kwenye sufuria ya umeme, mayai yaliyochemshwa kwa chai yako kwenye friji. Kompyuta yangu MSIIGUSE. Imekubali! Nimecheza peke yangu jikoni, jirani ameniona, na aseme.

Tangu alfajiri nahangaika kuweka programu ya ulinzi kwenye ile kompyuta yangu ya Linux. Hospitali hainipi kazi ya kutunza mitambo yake kama mashine yangu haina ulinzi, na mwisho ulikuwa leo saa nne. Mara ya kwanza imegoma. Mara ya pili imegoma. Nikainua macho: juu ya kompyuta, ile pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, ambayo sisi mafundi huiweka ili kuitia mashine adabu, haipo! Mtu ameila, akaweka ya njano! Jamani, njano ni rangi ya taa ya hatari, hata Pinyan anajua.

Nimekimbia dukani na ndala za chooni, nikanunua ya kijani, nikaiomba mashine radhi, nikarudia. Ikaingia yote! (Haya, safari hii nilikumbuka pia kuizima na kuiwasha kwanza. Msinicheke.)

Naenda kutia saini mkataba.

~~Aliyeila ataosha vyombo wiki nzima.~~ Nimefurahi mno, nimesamehe. Bibi, usiape mbele ya picha ya Babu, hakuna aliyekutaja. Ila pakiti ile ilikwisha muda wake mwaka juzi. Vidonge vya tumbo nimeviacha hapa mezani, viko kumi.

Nikirudi nitavihesabu.

Mama