Darasa la Balagha Ukumbini kwa Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Nakuandikia na hali najua hutasoma, maana wewe ndiye uliyeniambia kwamba anayeandika lazima awe na mtu mbele ya macho yake. Basi mbele ya macho yangu ni wewe, na kofia yako ya viua, na mikono ya kanzu yako iliyojaa chaki. Tangu zilipotufikia habari kwamba umefariki huko Tanga, kila mtu hapa anasema, "Masikini Mwalimu, mtu mwema yule." Nawaitikia kwa heshima zote, kisha naingia ndani nalia kwa hasira. Walikuwa wapi siku ile?

Unaukumbuka ukumbi wako pale Chake, baada ya swala ya alasiri? Vijana wa darasa la juu wakija kujitayarisha kwa mtihani wa ng'ambo, ule ambao ukiushinda unaingia chuo. Mimi na mama tulikuwa tunaishi kwako tangu baba alipotutoka, ukaniruhusu nikae nyuma yao, karibu na mlango wa jikoni. Skuli walikuwa wakiandikishwa insha za "Safari yangu ya Wete". Ukasema hizo ni za watoto, huko chuoni wataulizwa wanaonaje, na kwa nini wanaona hivyo. Elimu yake inaitwa balagha, ukatuambia, kumsemesha mtu kwa hoja mpaka akubali mwenyewe bila ya kumkaba shingo.

"Kwanza mpe mpinzani wako haki yake," ulikuwa ukisema. "Iseme hoja yake vizuri kuliko anavyoisema yeye. Kisha ijibu. Kisha kata shauri."

Ukatupa swali: je, kijana atolewe skuli msimu wa karafuu? Mjomba, kumpa mpinzani haki yake wale vijana walikuwa mabingwa! Walimsifu, wakamtukuza, wakamwombea dua, mpaka ukacheka ukashika mbavu. Wakaijibu hoja yake pia, vizuri tu. Wakifika kwenye kukata shauri, kila mmoja anaandika, "Haya ndiyo niliyoyaona mimi mdogo wenu, na shauri ni lenu wakubwa."

"Ala! Wakubwa gani?" ukaruka. "Wako wapi? Humu ndani mkubwa ni hoja!"

"Tumekufahamu, Mwalimu," akasema Hamadi, yule kijana wa Fundo uliyempenda kwa akili zake. Juma lililofuata akaandika vile vile.

Mie niliandika: asitolewe. Ukaisoma ukiwa umesimama, ukaniangalia, ukasema, "Huyu ndiye." Kisha ukaguna, maana mtihani ulikuwa wa wale vijana, haukuwa wangu mie mtoto wa kike. Sikukasirika siku ile. Nilifurahi siku nzima kama mjinga.

Siku waliyorudi kutoka kwenye mtihani walikuja wanacheka. Ukawauliza wamemalizaje insha zao. Hamadi ndiye aliyejibu, kwa adabu zake zote. "Yule msahihishaji ni mtu mzima, Mwalimu, na hatumjui. Ntamkatia vipi shauri mtu mzima nisomjua? Nimemwachia mwenyewe aamue." Na wenzake wote wakaitikia kwa vichwa, kwamba nao ndivyo walivyofanya. Ulikaa barazani na kahawa yako ikapoa. Majibu yalipokuja hakupita hata mmoja.

Basi wakaja baba zao, na vijana wenyewe nyuma yao, Ijumaa baada ya swala. Nakumbuka viatu vyao mlangoni. Mzee Kombo, babake Hamadi, ndiye aliyesema. "Mwalimu, hatuna ugomvi na wewe, wallahi. Lakini karafuu zimeiva, na vijana wetu wamekaa hapa wanasomeshwa kubisha. Na mtihani wenyewe wameanguka. Tunakuomba darasa hili ulifunge."

Ungeweza kuwajibu, ulimi ulikuwa nao. Ukasema, "Nimekusikieni. Lakini wanaosoma ni wao. Waulizeni wao wanaonaje."

Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Nikasema moyoni, sema Hamadi, sema yakhe, siku yenyewe ndiyo leo. Hamadi akainamisha kichwa mbele ya babake.

"Analosema baba ndilo," akasema.

"Ndilo," wakaitikia wenzake.

Nikapiga hatua. Mama akanishika kanga. "Unakwenda wapi weye?"

"Nna jambo la kusema."

"Mbele ya wanaume? Unataka kumwaibisha mjomba wako?" Akanipokonya lile sinia. Wewe ukageuka ukaliangalia pazia, ukaliangalia kitambo. Sijui ulikuwa unangoja nini, na sitajua tena. Kisha ukawageukia wazee ukawaambia, "Haya, kheri."

Hukupata tena darasa kama lile. Ulihamia Tanga kufundisha watoto wadogo, na mie nikaozwa Mtambile. Mume wangu hana neno, ana kiduka chake, ananiletea magazeti ya kufungia sukari nayasoma kabla hajayakata. Hamadi anachuma karafuu kwenye shamba la watu. Nilimwona juzi, nikamuuliza kama atarudia mtihani, akacheka kwa haya akasema hayo ni ya wazee kuamua.

Na siku hizi wanasema uhuru uko mlangoni, kila mtu atasema lake. Watu wa vyama wanakutana Gombani, wanapita na vipaza sauti hata huku kwetu. Nawasikiliza, Mjomba, maana ulinifundisha kusikiliza. Wanatukanana tu. Hapana hata mmoja anayempa mwenziwe haki yake kabla ya kumjibu, na majirani wameanza kususiana mazishi. Wale uliowafundisha kusema vyengine, kwa hoja, wamenyamaza. Nilikuwa na tamaa zamani, kwamba siku moja watasema. Sasa sina, na sitakudanganya kwa kuwa umekufa.

Hoja yangu ya siku ile bado naijua. Wazee wangu, mmesema kweli, karafuu haingoji, na kijana aliyekaa ukumbini hachumi. Wameanguka, na hilo pia ni kweli. Lakini wameanguka kwa sababu wanakuheshimuni, hawakuanguka kwa ujinga, na mwaka mmoja hautoshi kujifunza kusema bila ya kuvunja heshima. Darasa lisifungwe.

Juzi niliisema yote jikoni, kwa sauti, nimesimama kama ulivyosimama wewe ukiisoma insha yangu. Binti yangu alikuwa amelala mkekani, akashtuka akaanza kulia. Nikamnyanyua, nikampakata, nikamwambia, "Nyamaza mwanangu. Nyamaza."

Buriani, Mjomba wangu.

Mpwa wako,
Salma