Nyumba za Picha Kule Rweya

Jumapili, 2 Juni 1974

Jana Bukoba, sinema. Picha ya Kihindi. Nauli, tiketi, karanga — kwa upuuzi ule! Stelingi kapigwa risasi ya kifua, kaimba wimbo mzima, beti zote, ndipo akakubali kufa. Mpenzi wake kabadili nguo mara tatu ndani ya wimbo huohuo, juu ya mlima, bila begi. Na watu wakalia. Mlangoni Jayant, mwenye sinema, akaniuliza, mwalimu, umeionaje? Nikamwambia watoto wangu wa darasa la pili wanajua kudanganya kuliko hao. Akasema, lakini kila Jumamosi unakuja. Mtu ovyo.

Unguja eti wana televisheni sasa, tena ya rangi. Yaani uongo utawafuata watu mpaka sebuleni.

Jumanne, 11 Juni

Wamekuja watu wa picha kutoka Dar. Wanataka filamu ya kijiji cha ujamaa. Mutalemwa, katibu wetu wa kata, aliwaahidi kijiji. Kijiji chenyewe hakipo! Kila mtu anakaa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba yake. Mkubwa wao, mwenye miwani myeusi, kaingia kibanjani kwetu, katazama juu, kasema migomba inaleta giza, kamera haioni kitu. Basi filamu wataipigia rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako haishi hata mtu mmoja. Tata, baba yangu, kamuuliza kwa upole, waitu, bwana wangu, huko mtapiga picha ya nani? Yule kafuta miwani yake. Tata kasema yeye hapigwi picha, akarudi kwenye kahawa yake.

Alhamisi, 13 Juni

Nyumba tano zimeshasimama. Udongo umekandikwa upande wa kamera tu. Ukizunguka nyuma unakuta fito na mbuzi.

Wanaume wamepangwa mstari, wanalima rweya na kuimba. Kulima rweya ni kazi ya wanawake, nani hajui? Wake zao walikaa pembeni wakacheka mpaka machozi. Miwani Myeusi akadhani wanafurahia maendeleo, akaagiza nao wapigwe picha.

Mimi nimefanywa mke, nyumba ya tatu. Mume — Datius, bwana shamba! Yule wa kuchana nywele kila anapopita dirisha la duka. Anatembea kama ana kokoto kiatuni. Kazi yangu kumpokea jembe na kutabasamu. Tumerudia mpaka mdomo ukauma, kwa sababu yake. Hata kukabidhi jembe hawezi.

Jumamosi, 24 Agosti

Gari la sinema Muleba, uwanja wa mpira. Filamu yetu. Sauti ya mtu wa Dar inasema wananchi wameacha maisha ya kutawanyika kwa hiari na furaha. Uongo mtupu. Bendi imepiga tarumbeta kufunika milio ya mbuzi wetu. Ila nyumba zilipendeza. Datius — basi, hakuonekana mbaya sana. Nami nilitabasamu vizuri kuliko yule Mhindi wa mlimani, asibishe mtu.

Jumatatu, 2 Septemba

Mutalemwa kaja nyumbani, kakaa. Kasema hivi. Wakubwa wa mkoani wameiona filamu, wameipenda. Alhamisi wanaleta wageni kukitembelea kijiji. Walioonekana kwenye picha wawe kwenye nyumba zao. Na vibanja walivyoviacha vitakuwa shamba la kijiji.

Tata: nani ameacha kibanja?

Mutalemwa: ninyi, mzee. Mmehamia nyumba ya tatu.

Tata: mimi simo kwenye picha.

Mutalemwa, macho chini: binti yako yumo. Na mumewe.

Tata kanigeukia. Mume?

Nikamwambia Mutalemwa ule ni mchezo, hata stelingi wa Bukoba hakufa kweli. Akasema anajua, si alikuwepo? Lakini nani aende mkoani kuwaambia wakubwa kwamba wameshangilia uongo? Naogopa.

Jumanne, 3 Septemba

Shule sikwenda. Nikionekana nyumba ya tatu Alhamisi, kibanja kimekwenda — migomba, kahawa, kaburi la babu. Nisipoonekana, Mutalemwa ataumbuka mbele ya wageni, nasi tutaitwa maadui wa maendeleo. Tata hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Asubuhi kasema tu, wewe umo, mimi simo. Akachukua kisu, akaingia migombani kukata majani makavu.

Sasa Datius yuko uani. Amekuja na godoro kwenye baiskeli na sufuria mpya! Anasema amri ni amri, na kwamba ameshatia komeo mlango wa nyumba ya tatu. Kasema hivyo kwa aibu, anachezea kengele ya baiskeli. Mpumbavu. Hajui hata kwamba Tata yuko nyuma ya mgomba wa kwanza, anasikia kila neno.

Nilitaka kumwambia aondoke. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikajisikia nasema, subiri kwanza.

Nimeingia ndani nikisingizia kutafuta kanga. Datius anapiga mluzi uani. Kisu cha Tata sikisikii tena tangu niseme subiri.