Tamthilia ya Gunia ni ya Samani

Alhamisi, katikati ya Agosti. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na hauna haraka ya kuondoka. Nimevaa sweta mbili, ingawa kwa hasira niliyokuwa nayo leo moja ingetosha.

Nimetoka kwenye kikao cha mahafali ya kidato cha nne, katika shule niliyofundisha Kiswahili hadi nilipostaafu. Hoja iliyonipeleka ni moja: wanafunzi waigize nini siku hiyo. Mimi nilipendekeza tamthilia ya gunia. Mtunzi wake alikwisha kufa, nakala zake zimo stoo, mchwa wamezionja pembeni. Huku Tukuyu hata jina lake kamili watu hawalitaji. Tunasema tu tamthilia ya gunia.

Kisa chake ni chepesi. Mnunuzi anafika kijijini na gunia lake mwenyewe, na gunia hilo halijai. Wakulima wanaongeza, yeye anasema bado. Wanaongeza tena. Watazamaji wanacheka, halafu wanaacha kucheka. Mwishoni Mshonaji, mwanamke msemaji kuliko wote jukwaani, ananyamaza. Anachukua shazia, ile sindano nene ya magunia, anashona mdomo wa gunia pale linapostahili kuishia, kisha anasema: "Limejaa."

Mwalimu Deo, kijana aliyepangiwa kazi huku kutoka Mwanza, alitabasamu kwa adabu. "Bibi, hiyo ni ya zamani. Vijana wanataka vichekesho, vitu vya sasa."

Ya zamani! Apande bodaboda mpaka Isongole asubuhi yoyote akatazame viazi vikipakiwa. Lumbesa ile ile, gunia limejazwa kupita mdomo wake na kuvishwa kilemba, na mkulima amesimama kando akiambiwa bado. Kama tamthilia imezeeka, mbona gunia halizeeki?

Ndipo akasimama Subilaga, mjumbe wa wazazi, mkulima wa viazi wa huko huko Isongole. Alisema, "Mimi sikufika mbali na shule. Lakini hii ni kitu cha samani. Msiiache."

"Mmesikia?" akadakia Deo. "Hata mama anakubali ni ya zamani."

"Au anataka samani za ukumbi," akasema mwenyekiti. "Viti na mesa!"

Walicheka. Katibu akaandika.

Subilaga hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Nami nikatazama kikombe changu cha chai.

Nilijua alichosema. Kinyakyusa hakina *z*, wala *th*. Mdomoni mwa watu wa umri wake, zamani na thamani zote huwa samani. Nimeishi nao miaka yote hii, ningekosaje kujua?

Na nina jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nilifika Tukuyu msichana, na sanduku la bati na Kiswahili cha Pangani. Kwetu hakuna tena wa kunipokea. Nyumba ilianguka, walionilea wamelala makaburini. Kile Kiswahili ndicho kilichobaki kuwa kwetu, nikakilinda kama mtu anayelinda shamba dhidi ya nyani. Mwaka wangu wa kwanza darasani tuliiigiza tamthilia hii, na Subilaga alikuwa Mshonaji. Hakuna aliyemfikia. Wiki moja kabla ya onyesho nilimnyang'anya nafasi hiyo, kwa sababu alisema "wasee wa samani" badala ya "wazee wa zamani". Nikampa binti wa ofisa mmoja, mwenye matamshi safi na moyo wa ubao.

Limejaa. Neno kuu la tamthilia nzima halina *z* ndani yake. Sikuliona hilo hadi leo, nikiwa nimeinamia chai.

Katibu aliposoma kumbukumbu za kikao, alifika pale: mjumbe wa wazazi ameafiki kuwa tamthilia ni ya zamani. Nikasimama.

"Futa. Amesema thamani."

"Bibi, ni herufi tu," akasema mwenyekiti.

"Herufi hizo nimewachapia watu humu ndani. Futa."

Hakuna aliyecheka. Nikawaambia na habari ya ile nafasi niliyoinyang'anya, mbele ya kikao kizima, mbele yake mwenyewe. Mkuu wa shule akakohoa, akauliza nani atawafundisha wanafunzi. Nikasema mimi. Akatupa wiki moja tumwonyeshe onyesho la mwisho, lile la kushona gunia. Likimridhisha, tamthilia itaigizwa. Lisipomridhisha, vichekesho.

Getini Subilaga alinishika mkono, akanishukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwalimu. Ila umechelewa, mimi ni bibi sasa."

"Nisamehe."

"Nitafikiria." Akapanda bodaboda, kisha akageuka. "Jumatatu nakuja na shasia yangu. Watoto wa siku hizi hata kushona gunia hawajui, watakuaibisha!"

Nimepekua nakala tano stoo, nikapata mbili zisizo na pengo. Zitatosha. Atakayeweza kunyamaza kama Subilaga alivyonyamaza leo ndiye atakayekuwa Mshonaji, na *z* yake aiseme anavyojua.

Hukaa nikijiuliza lini nitarudi kwetu. Leo sijiulizi. Jumatatu nina mazoezi, na kwa wanaosema bado, bado, jibu langu liko tayari.

Limejaa.