Bipu za Bamaman wa Mumosho

Maman Pascaline wa redio yetu,

Mi sina salamu murefu, shida yangu njo murefu, unisikilize paka mwisho na usinikate. Mi ni Koko Constance wa Mumosho, masomo yangu iliishia primeri, lakini hakuna mutu hapa mwenye hanijue, juu mi njo nilifundisha bamaman wa parokia kubipa: unapiga, inalia mara moja, unakata, unite ya simu haiishe, na mutu anajua uko unamuwaza. Bipu moja ni nimefika, mbili ni niombee, na mwanamuke akianza kuumwa mimba, sisi bote tunabipa ile laini ya bure ya materinite, hospitali ya kuzalia, kule Bukavu, ile yenye inapita kwa internete, bote kabisa, juu mwanamuke asizae peke yake kama mbuzi, na baganga bajue huyu iko na kwao. Desturi muzuri, ama?

Sasa mujukuu yangu Joviale iko anatumika palepale, analinda mashine yenye inaunga zile simu, banaiita serveri, na juzi alikuja hapa na sura ya mutu wa kilio, akaniambia, "Koko, vaa kitenge, twende uone kitu." Nikamuambia mi siko mutoto wa kutembezwa. Tukaenda. Maman Pascaline, nilizani nitaona mashine kubwa kama kanisa, kumbe ni kasanduku keusi, ka kupakata kwenye magoti kama mutoto, kanapuma tu fuuu, na mbele yake kioo yenye mistari inapanda, inapanda, kila mustari ni mutu: huyu wa Walungu, huyu wa Luvungi, huyu iko kwenye moto, ile pikipiki, katikati ya barabara, na kale kasanduku kanabajua bote, hakachanganye jina ata moja, mi mwenye ku harusi ya mujukuu yangu Destin nilisahau majina ya bakwe zangu mwenyewe! Nilifanya alama ya musalaba. Nikauliza, "Kanasikia maneno yao yote?" Joviale akacheka: "Hapana, Koko. Ni mushenga. Anabisha ku mulango, anasema fulani anakuita, bakiitikiana anabaacha bazungumuze beye kwa beye, anarudia kazi." Mushenga! Mi nilikuwa mushenga mbele mama yake azaliwe, maisha yangu yote nilipatanisha nyumba tatu, na moja iliachana, na kale kasanduku kanapatanisha dunia nzima pale naregeza kitambaa ya kichwa.

Nikiwa ningali nashangaa vile, mistari ikaanza kumiminika kama mvua ya mawe, kioo ikajaa nyekundu, Joviale akaruka ku kiti. Ni nani? Ni bamaman yangu. Bibi ya Théodore, muke wa jirani wetu, alianza kuumwa mimba, na Mumosho nzima ilikuwa inabipa. "Ona, Koko," anasema, "kila bipu inatuma mushenga paka ku mulango, banafungua, na weye unamupigia kelele arudi! Kazi yote ameifanya, na hakuna neno lenye limesemwa. Akichelewa, munasema haikupita, munabipa tena, na yeye angali amebeba zile za kwanza." Mushenga wetu akazimia. Na mule ndani ya mistari kulikuwa mwanamuke mumoja wa Walungu, damu inamutoka, alipiga, akapiga tena, haikuingia. Mustari yake niliiona ikipotea na macho yangu. Pikipiki njo ilimufikisha ku materinite, Mungu akamuhurumia, yeye na mutoto beko bazima, lakini tangu pale sipate usingizi.

Joviale anasema ataongeza kasanduku ingine na kuweka mulinzi wa kugawa simu, na zikizidi, mutu aambiwe upesi "ngoja kidogo", asiachwe kwenye kimya. Lakini shefu wake anasema bipu zetu zitazamisha ata masanduku kumi, na tusipoacha mwezi huu, atafunga namba zote zenye zinabipa. Hizo ni namba za Mumosho yote! Na Elodie, bibi ya Destin, anazaa mwezi huuhuu. Joviale anataka nisimame kanisani niseme bipu imekwisha. Mi! Mbele ya Séraphine mwenye anangoja tangu zamani kunicheka! Na bakiacha, mwanamuke azae kama hana kwao? Ile mashine naiogopa kuliko vile naogopaka askofu, lakini haya nayo inanishika. Nifanye nini?

Koko Constance, Mumosho

*

Koko Constance,

Heshima yako nimekupa, sasa pokea na maneno.

Nilisoma barua yako mara mbili, juu kila siku napiga simu na sijawahi kuwaza kama kuna mwenye anatangulia kunibishia mulango. Mungu akuonyeshe kitu ya namna ile, kisha urudi nyumbani kuwaza Séraphine! Uliona mustari ya mwanamuke ikipotea. Haya gani tena, Koko?

Moyo wenu ni muzuri, sina ubishi. Lakini ku kilio ya mutu munajaza kiwanja, hamujazi mulango. Hapa mulijaza mulango, na mwenye kubeba mugonjwa akakosa fasi ya kupita.

Siku ya Mungu yenye inakuja, misa ikiisha, simama weye mwenyewe. Usitume Joviale, usitume katekista. Sema: mwenye kuumwa, ama mutu mumoja pembeni yake, njo anapiga ile laini, na asikate, aache ilie paka baitike. Akiambiwa angoje, angoje, asibonyezebonyeze kama anatwanga sombe kwenye kinu. Na bale bengine bote benye vidole vinabawasha, bakubipe weye. Ndiyo, weye! Weye njo ulianzisha, simu yako njo ibebe. Utakaa nayo kwenye magoti kama ulivyotamani kupakata kale kasanduku, utasikia Mumosho nzima inalia ndani yake, na utaenda kumuambia muzazi: kwenu bote beko hapa. Séraphine akicheka, mupe kazi ya kuchaji simu.

Kisha shika mukono ya Joviale, muende kwa shefu wake mbele hajafunga namba. Usimufokee, nakujua. Mwambie siku yenye utatangaza, umuombe angoje aone. Na mujukuu yako umushukuru: angeweza kufunga namba yako mbele ya zote, akachagua kukuvalisha kitenge.

Na Elodie akianza kuumwa, najua, vidole vyako vitatafuta ile namba. Uvipe ndoo. Kachote maji.