Chai ya Kirukia Anayokunywa Mama

Ajlun,
Jumamosi, 9 Februari 2019.

Mpendwa kaka Mundhir,

Hujambo huko kwenye theluji? Wifi Khulud hajambo, na mtoto ameshaanza kutambaa? Mimi mwili mzima, ila usingizi umenipaa na chakula hakipiti kooni. Baridi ya mwaka huu ni kali, jiko la mafuta linawaka kutwa.

Najua simu zangu huzipokei tangu ulipogombana na mama kwenye matanga ya baba. Sikulaumu. Ndiyo maana barua hii nimempa Rihab, binti wa jirani yetu Abu Shukri, anayerudi huko Malmö kesho. Nimemwapisha aitie mkononi mwako.

Kaka, mama ana saratani ya titi. Alinikataza nisikwambie. Uvimbe ulionekana Agosti, na hospitalini Irbid wakampangia dawa ya kutiwa mshipani mara sita. Alikwenda mara mbili, nywele zikatoka, akaacha. Na aliacha kwa sababu yangu.

Unaujua utafiti wangu wa kirukia, ule mmea wa vitunda vyekundu unaoota juu ya matawi ya mizeituni yetu na kuyanyonya. Umenila miaka saba. Niliondoa virukia vyote kwenye miti ishirini, nikaiacha mingine ishirini ilivyo. Ile iliyosafishwa ilizaa zaidi, sikatai. Lakini ilipofika baridi, wale ndege wenye madoa kifuani waliikimbia, na hata wadudu chini ya majani makavu wakapungua. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda. Halafu mwenzangu wa maabara akatia maji ya kirukia kwenye seli za saratani ndani ya kisahani, seli zikafa. Watu wa redio wakaja. Nikasema kwa kinywa changu, "Matokeo yanatia moyo." Maneno matatu tu, kaka.

Shangazi Bahija aliyasikia. Kesho yake asubuhi akaingia na furushi la majani ya kirukia. "Binti yako kagundua dawa iko juu ya mzeituni wako mwenyewe, nawe unakwenda kutiliwa sumu Irbid? Una wazimu, Wadad?"

Nilimweleza mama mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia kwenye kisahani hata sabuni ya kufulia inaua seli. Nilimwambia kwamba huko Ulaya wanaotumia kirukia hukitia kwa sindano, kikiwa kimesafishwa na kupimwa, tena pamoja na matibabu mengine, na bado wataalamu wanabishana kama kinasaidia. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Kwa hiyo miaka saba ulikuwa unafanya nini, mwanangu? Ulikuwa unachezea majani?"



Desemba, mama akiwa anainywa chai ya majani hayo kila siku, nilichukua msumeno nikapanda mizeituni. Nilikata kila kirukia shambani kwetu, hata kwenye ile miti ishirini ambayo sikupaswa kuigusa, nikavichoma vyote. Utafiti umekufa pale pale. Chuoni bado sijawaambia. Mama alikaa kibarazani na shali lake akinitazama. Jioni yake shangazi akaja na furushi jingine, la shamba la watu.

Jumanne iliyopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta chini, jikoni, ametapika. Mapigo ya moyo yalikuwa mbali mbali hata nikadhani yamekoma. Alikuwa amechemsha majani pamoja na vitunda, birika zima, ili apone haraka. Alilazwa siku tatu. Daktari alinivuta pembeni, akaniambia uvimbe umekua maradufu. Tukianza tena sasa nafasi ipo, ingawa ndogo, na tukingoja hadi Machi tusihangaike kwenda.

Mama alikataa. Nilipiga magoti. Hata shangazi, aliyekuwa analia mlangoni, alimwambia, "Wadad, nilikosea, nenda." Akageukia ukutani.

Hapo ndipo nilipomdanganya. Nilimwambia umenipigia simu. Nilimwambia umesema unakuja, utampeleka Irbid mwenyewe tarehe kumi na saba, na kwamba yaliyopita umeyasamehe. Mungu anisamehe, lilinitoka tu. Aligeuka. Akauliza, "Amesema hivyo kwa mdomo wake?" Nikasema ndiyo.

Leo ameamka mwenyewe. Ametandika kitanda chako, ametoa labani, ule mtindi wake mzito, ikamwagiwe mafuta ya zeituni, na amenituma nikanunue mwanakondoo wa mansafu, ule wali wa nyama na mtindi unaoupenda. Birika la kirukia amelimwaga bila kuambiwa. Anauliza ndege yako inatua saa ngapi, na mimi nataja saa.

Kaka, nimetafuta njia nyingine sikuipata. Ukikasirika, nikasirikie mimi ukiwa hapa.

Nisalimie Khulud, umbusu mtoto mashavu yote mawili. Shangazi Bahija anakusalimu, haya inamzuia kuandika. Mama amesema hana salamu za kutuma, kwa kuwa atakuona wiki ijayo.

Mola akufungulie njia na akulinde safarini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiye na mwingine,
Ruweida