Namba Niliyoipigilia Msumari

Madina, Accra
9 Machi

Kaka Selorm,

Nakusalimu wewe na shemeji Dzifa. Goti lake linaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila usingizi unanipiga chenga.

Barua yako kuhusu kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu Baba afariki imefika. Umeandika kwamba nisipotokea safari hii, nisikuite kaka tena. Nimestahili.

Unajua kazi yangu: naandika programu inayolinda friji za chanjo zahanatini. Friji ikipata joto, simu inaita. Mwanzoni kila kitu kilibadilishika kwenye mipangilio. Zahanati moja ikachoshwa na kelele, ikapandisha kiwango cha joto hadi nyuzi ishirini. Simu ikanyamaza, chanjo zikaoza. Muuguzi akatuuliza kwani kitufe cha kupandishia si tuliweka wenyewe. Kwa hasira nikakipigilia kiwango msumari ndani ya programu, asikiguse mtu. Hapo sijutii. Nyuzi nane ni nyuzi nane popote.

Ila mkono ulishachangamka. Na namba ya kupigiwa nikaipigilia palepale, namba yangu mwenyewe. Mtu huhama, huugua, hufiwa. Hiyo ndiyo ilipaswa kuachwa ibadilike. Mkubwa wangu, Bwana Quaye, aliponiuliza nikamwambia inabadilishika wakati wowote. Mashine mia mbili za kulinda friji zikasambazwa hivyo, na kuirekebisha ni kuifuata kila moja ilipo.

Miaka sita sasa, simu hii naoga nayo. Kanisani naketi mlangoni. Wenzangu hunitania eti nimeoa simu. Nacheka nao, huku naichungulia.

Sasa nikuambie kweli. Wakati wa mazishi niliwaambia nimenyimwa ruhusa. Nilidanganya, sikuomba. Huko kwetu mlimani hakuna mtandao. Ningeweza kumwachia Quaye simu, lakini angeuliza kwa nini, nami niliona aibu. Mlipokuwa mnamshusha Baba, nilikuwa nimeketi kitandani na nguo zangu nyeusi, naitazama simu. Haikulia hata mara moja.

Juzi nilimweleza Quaye yote, nikitegemea kufukuzwa. Alisonya, akanyoosha mkono. Akasema lete hicho kisimu, mpumbavu wewe, nenda kamlilie baba yako, ukirudi tutazizungukia hizo zahanati. Haikuchukua hata dakika mbili, Kaka. Nilitoka nje nikalia.

Nitafika Alhamisi. Usiponifungulia, nitakaa hapo barazani mpaka utakapotaka. Mpe shemeji pole ya goti.

Hata ukishuka penye mtandao, usinipigie njiani. Atapokea Quaye.

Mdogo wako, ukiniruhusu,
Edem