Nzivo Alivyomjibu Msomaji

Ndinda, huyu Nzivo wangu ni bure kabisa. Bado niko saiba hapa Donholm, kwa hizi kompyuta za kulipia.

Amesoma habari kwa mtandao ati mwaka 2000 ukifika, simu ya mkono itashika mpaka Njiru. Chini yake msomaji mmoja ameandika: "Simu ya mfukoni ni ya watu wavivu kutembelea wenzao."

Nzivo akamjibu: "Mzee, rudi ushago, kijijini kwenu, ukapige ngoma."

Ngoma, Ndinda. Amemwambia akapige ngoma.

Mtu akakohoa nyuma yetu. Kugeuka, ni baba yangu, na hilo jibu liko kwa kompyuta yake, chini ya maneno aliyoandika yeye mwenyewe.

Na Jumamosi Nzivo alikuwa alete wazee kwetu, posa.

Baba akavaa kofia polepole. "Mwambie asijisumbue kuja. Apige simu."

Kwetu hakuna simu.